Kijana wa Litein, anzia kompyuta kwenye kituo cha majani chai

Je, msomaji, una mwana au binti nyumbani aliyelianza somo la kompyuta kwa bashasha, kisha ghafla akalitupa kama kaa la moto? Ukimwuliza sababu atakwambia, "Mama, hiyo ni kazi ya watu wenye vichwa." Ukizidi kumdadisi utagundua kwamba kilichomshinda si kompyuta. Kuandika barua anajua, kutuma picha anajua, hata mistari michache ya lugha ya Python ameshaiandika na ikafanya kazi. Alikwama alipofika kwenye sura yenye majina mawili ya kutisha: algoriti na miundo ya data.

Jambo hili si dogo kwa watu wa Litein, na kwa jumla kwa nchi yote ya majani chai kutoka Kericho hadi Bomet. Nyumba nyingi huku hulipa karo kwa majani: malipo ya kila mwezi, kisha ile bonasi ambayo aghalabu huwa imeshagawanywa kichwani kabla haijafika benki. Vibarua vya mashambani navyo havina uhakika tena. Mwezi Mei mwaka 2023 mashine za kuchuma majani zilichomwa moto katika shamba la kampuni moja kubwa huko Kericho, katika maandamano ya watu waliosema zinawanyang'anya riziki, na damu ikamwagika. Sidai kwamba kila mchuma chai anaweza kugeuka mtunzi wa programu, na anayewaambia vijana hivyo anawadanganya. Lakini kama mtoto wa nyumba hiyo atafukuzwa na somo hili, heri afukuzwe na ugumu wa kweli kuliko kufukuzwa na jina.

Mwaka 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala nchini, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha utunzi wa programu katika shule za msingi na za upili. Kwa hiyo sura hiyo ya kutisha itazidi kubisha hodi kwenye nyumba zetu. Hebu basi tuifungue pamoja, wewe mzazi na wewe kijana, tena bila kuwasha kompyuta.

Jina lenyewe kwanza

Algoriti ni jina la mtu lililochakaa kwa kutamkwa na Wazungu. Katika karne ya 9 aliishi Baghdad mwanahesabu aliyeitwa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, yaani mtu wa Khwarizm, nchi ya Asia ya Kati. Vitabu vyake vya hesabu vilipotafsiriwa kwa Kilatini, "al-Khwarizmi" likageuka "algoritmi", na mwishowe likawa jina la utaratibu wowote wa kufanya kazi hatua kwa hatua. Basi, hakuna uchawi humo.

Walimu wengi hupenda kutoa mfano wa kupika chai: chemsha maji, tia majani, tia maziwa, tia sukari. Mfano huo si mbaya, ila mimi huuona mwepesi mno. Haumwambii mwanafunzi afanye nini sukari ikiwa imekwisha. Mwanadamu ataazima kwa jirani, lakini kompyuta itasimama pale pale ikimkodolea macho. Algoriti iliyokamilika huwa na hatua zilizo wazi, zenye mpangilio, zenye mwisho, na tena zinasema la kufanya mambo yakienda kombo. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wanaoanza.

Daftari la karani

Tuondoke jikoni twende kituoni, pale magunia yanapopangwa yakingoja mizani. Karani anapima, anaandika nambari ya mkulima na kilo zake, kisha anamwita anayefuata. Siku hizi mizani ni ya kielektroniki na kilo hujiandika zenyewe, lakini hebu tufikirie daftari la karatasi, kwa sababu karatasi huonyesha kazi ambayo mashine inaificha.

Chukua daftari lenye wakulima 1,000 walioandikwa kwa kufuata nani alitangulia kufika. Mzee mmoja anarudi na kuuliza kilo zake za juzi. Karani aanzie wapi? Hana budi kuanzia mstari wa kwanza ashuke mmoja mmoja. Akiwa na bahati atampata juu, na bahati ikimkataa atasoma mistari yote 1,000. Hiyo nayo ni algoriti, na usiidharau. Ni ya kijinga kidogo, lakini haikosei.

Sasa chukulia kwamba daftari limepangwa kwa nambari za wakulima, kutoka ndogo hadi kubwa. Karani halifungui mwanzoni. Analifungua katikati. Akikuta nambari ya hapo ni kubwa kuliko anayoitafuta, nusu yote ya mbele ameshaachana nayo kwa tupio moja la jicho. Anaingia katikati ya nusu iliyobaki, anaikata tena, na tena. Wakulima 1,000 watamchukua mitazamo isiyozidi 10. Na shirika la KTDA, ambalo linahudumia wakulima wadogo zaidi ya laki sita nchini, likiwapanga wote katika orodha moja, mitazamo haitapita 20. Rudia hesabu hiyo polepole, msomaji: kutoka 1,000 hadi laki sita, kazi imeongezeka kutoka 10 hadi 20 tu. Hapo ndipo mwanafunzi anapaswa kushtuka, na akishtuka ameshaingia ndani ya somo.

Usiniamini kwa maneno. Kata boksi la unga vipande 15, uandike nambari hizi: 104, 118, 127, 139, 152, 160, 171, 188, 203, 219, 226, 240, 255, 267, 281. Vipange mezani kwa mpangilio huo, uso chini, kisha umwambie mtoto atafute 226. Atafunua cha katikati, yaani cha nane, akute 188. Ni ndogo, kwa hiyo vya kushoto vyote avisahau. Katikati ya vilivyobaki ni cha kumi na mbili, 240. Ni kubwa. Sasa vimebaki vitatu tu, na cha katikati ni 219. Ndogo. Kimebaki kimoja: 226. Mara nne, kwisha.

Kisha mwambie atafute 227, ambayo haimo. Angalia anachofanya. Wengine watazunguka mezani kama kuku aliyepoteza kifaranga, kwa sababu hakuna aliyewaambia ni lini wakubali kushindwa. Jibu ni rahisi: pasipobaki kipande cha kufunua, sema "hayupo" na usimame. Lakini lazima liandikwe.

Iwapo mtoto atakosea hapo, asione haya. Utafutaji huu wa kukata nusu umewaaibisha mabingwa. Mwaka 2006 Joshua Bloch, mhandisi aliyeuandika kwa ajili ya lugha ya Java, alitangaza kwamba ulikuwa na kosa lililojificha kwa takriban miaka tisa. Alikuwa akipata katikati kwa kujumlisha namba za ncha mbili kisha kugawa kwa mbili, na orodha inapokuwa kubwa kupita kiasi jumla hiyo haitoshei katika nafasi iliyotengewa. Watu wengi sana waliutumia wasione.

Gharama ya kupanga

Labda unajiuliza, kwa nini basi kila daftari lisipangwe kwa nambari? Swali zuri, na ndilo moyo wa hii miundo ya data. Mkulima mpya akija leo na nambari inayostahili kukaa katikati, karani wa daftari lililopangwa itambidi asukume mamia ya mistari chini ili kumpatia nafasi. Yule wa daftari la "aliyetangulia" anaandika mstari mmoja chini, akafunga. Mmoja anateseka wakati wa kutafuta, mwenzake wakati wa kuandika. Hakuna daftari lisilo na gharama. Kuna kuchagua gharama ilipwe wakati gani. Kama wakulima wapya ni wachache na maswali ni mengi, panga. Kama magunia yanamiminika na anayeuliza ni mmoja kwa wiki, andika tu.

Iko njia ya tatu, nayo huwafurahisha sana wanaoanza. Badala ya daftari, chukua visanduku 10 vilivyoandikwa 0 hadi 9. Kila mkulima kadi yake huwekwa kwenye kisanduku cha tarakimu ya mwisho ya nambari yake. Mwenye 226 yuko kisanduku cha 6, huna haja ya kugusa vingine. Kadi 1,000 zitagawanyika takriban 100 kila kisanduku, na ukitumia tarakimu mbili za mwisho kwa visanduku 100, zitakuwa karibu 10 tu. Kuandika ni haraka, kutafuta ni haraka. Kinachopotea ni mpangilio: ukitaka kuwasoma wakulima wote kwa zamu ya nambari, visanduku hivyo havikusaidii.

Sasa hapa Litein tuna somo ambalo kitabu cha kigeni hakiwezi kukupa. Vitabu vingi hushauri visanduku vya herufi: A, B, C hadi Z, kufuata herufi ya kwanza ya jina. Jaribu kufanya hivyo katika nchi ya Wakipsigis! Kiprono, Kipkoech, Kiplangat, Kiprotich, Kipngeno, Kirui, wote hao ni kisanduku cha K. Cherono, Chepkoech, Chelangat, Chepngeno, Cheruiyot, hao ni C. Visanduku viwili vitafurika hadi kadi zidondoke sakafuni, na vile vya U, V na Z vitafugwa na buibui. Kanuni ya kugawa haikukosea hesabu, imekosea watu. Ukitaka kutumia majina, tazama kinachokuja baada ya Kip- au Chep-, kwa maana hapo ndipo Rono anapotengana na Langat. Mwanafunzi aliyeliona hili kwa majina ya darasa lake ameshika jambo ambalo wengine hulikariri chuoni bila kulielewa.

Karatasi za mwalimu na chekeche la kiwandani

Tulisema daftari lipangwe, lakini hatukusema jinsi ya kulipanga. Mfikirie mwalimu mwenye karatasi 40 za mtihani anazotaka kuzipanga kwa alama. Njia inayomjia mtu haraka ni kutafuta ya juu kuliko zote, kuiweka kando, kisha kutafuta ya juu katika 39 zilizobaki, na kuendelea hivyo. Mara ya kwanza atalinganisha karatasi mara 39, kisha 38, kisha 37. Jumlisha mpaka mwisho utapata ulinganisho 780. Usiku utamkuta.

John von Neumann, mwanahesabu mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alieleza mwaka 1945 njia nyingine. Fanya kila karatasi kuwa rundo la karatasi moja. Unganisha marundo mawili mawili yawe ya karatasi mbili zilizopangika, kisha yale ya mbili yaungane kuwa ya nne, na kadhalika. Siri iko hapa: marundo mawili ambayo tayari yamepangika huunganishwa kwa kutazama karatasi za juu tu, unachukua iliyo bora, unatazama tena. Karatasi 40 kwa njia hii hazihitaji zaidi ya ulinganisho 177. Ukiwa na karatasi 1,000 pengo linakuwa la kutisha: njia ya kwanza inataka 499,500, ya pili haifiki 9,000. Ni kwa sababu hiyo wenye programu hawaulizi tu kama kazi inafanyika. Huuliza pia itakuwaje mzigo ukiongezeka.

Kama umewahi kuingia kiwanda cha chai, umeona mpango mwingine kabisa. Majani yakishakatwakatwa, yakachachuka na kukaushwa, hupitishwa kwenye machekeche yanayotikisika, yenye matundu ya ukubwa tofauti, na chai hutoka imegawanyika katika daraja kama BP1, PF1, PD na D1. Hakuna anayelinganisha chembe hii na ile. Kila chembe hupita na kuangukia mahali pake. Kompyuta nayo hufanya hivyo pale madaraja yanapojulikana mapema na kuwa machache. Mwalimu wetu akitaka tu kujua nani kapata A na nani B, hana haja ya von Neumann. Marundo machache mezani yanatosha.

Mengine unayaona kila siku

Yaliyobaki tuyapitie haraka, maana hayana ugumu. Vibuyu vya mursik vilivyopangwa ili kilichotangulia kuiva kitangulie kunywewa ni foleni: wa kwanza kuingia, wa kwanza kutoka. Magunia yanayojazwa kwenye lori kupitia mlango wa nyuma ni rundo: lililopakiwa mwisho ndilo hushuka kwanza. Hospitalini kuna foleni ya aina yake, ambapo mama aliyeshikwa na uchungu hupita mbele ya mwenye mafua hata kama alichelewa kufika. Hiyo ni foleni ya kipaumbele.

Chama cha akina mama cha kupeana pesa kwa zamu ni mnyororo. Kila mmoja anahitaji kukumbuka jambo moja tu: nani anamfuata. Akija mwanachama mpya kati ya wawili, ni watu wawili tu wanaoarifiwa, wengine hawasumbuliwi, tofauti kabisa na yule karani aliyesukuma mistari. Lakini mnyororo una adhabu yake: ukitaka kumjua wa saba, lazima upite kwa sita waliomtangulia.

Na mti je? Kaunti ya Kericho ina maeneobunge sita. Bureti ni mojawapo, na ndani yake mna wadi saba: Kisiara, Tebesonik, Cheboin, Chemosot, Litein, Cheplanget na Kapkatet. Ukimtafuta mtu wa wadi ya Litein, uchaguzi wa kwanza umeyaacha maeneobunge matano, na wa pili umeziacha wadi sita. Mti wa data hufanya vivyo hivyo, ila mizizi yake huchorwa juu na majani chini, jambo ambalo mkulima yeyote ana haki ya kulicheka.

Bila kompyuta?

Huenda wewe mzazi unasema, haya yote ni mema, lakini nyumbani hatuna kompyuta. Hiyo isikuzuie kuanza. Mwaka 1956 Mholanzi mmoja, Edsger Dijkstra, alikuwa akitembea madukani Amsterdam na mchumba wake. Walipochoka wakaketi mkahawani wanywe kahawa, na kwa muda wa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi, akabuni kichwani njia ya kupata barabara fupi kati ya miji miwili. Aliichapisha mwaka 1959, na hadi leo ni msingi wa programu nyingi za kuonyesha njia. Kwa ufupi inasema hivi: ukiwa Litein ukitaka kufika Bomet, andika umbali wa kila mahali panapofikika moja kwa moja, Kapkatet upande mmoja, Kericho upande wa pili, na njia za vumbi usizisahau. Chagua palipo karibu zaidi, upatie alama kwamba pamekwisha. Kutoka hapo tazama majirani wapya, na kama umepata njia fupi ya kufika mahali, futa umbali wa zamani. Rudia mpaka mahali penyewe pa kupatiwa alama pawe ni Bomet. Dijkstra mwenyewe aliamini kwamba kukosa kalamu kulimlazimisha kuepuka ugumu usio wa lazima.

Katika miaka ya 1990, Tim Bell wa New Zealand na wenzake walianza kuwafundisha watoto sayansi ya kompyuta bila kompyuta hata moja, kwa kadi, kamba na michezo ya uwanjani, na mtindo huo umeenea nchi nyingi. Kwa hiyo vipande vyako 15 vya boksi si mchezo wa maskini.

Mpango wangu kwa anayeanza ni huu. Wiki ya kwanza mtoto asiguse kompyuta. Afanye kazi kwa vipande, na kila mara ahesabu ni mara ngapi amefunua au kulinganisha, aandike kwenye karatasi. Kisha aandike hatua kwa Kiswahili, au kwa Kikipsigis akipenda, na ampe ndugu yake mdogo azifuate kama alivyoandika, pasipo kuongezewa neno kwa mdomo. Ndugu akikwama, hatua hazijatosha. Kazi hii huudhi, na pengine watagombana kidogo, lakini inafunza kuliko mihadhara kumi.

Halafu ndipo aende penye kompyuta, shuleni au kwa rafiki, aandike utafutaji ule wa kukata nusu kwa Python. Hautazidi mistari kumi na mitano. Aujaribu kwa 226, ambayo imo. Aujaribu kwa 104 na 281 zilizo mwanzo na mwisho, maana makosa hupenda kukaa pembeni. Aujaribu kwa 227. Kisha aupe daftari lisilo na mkulima hata mmoja, aone kama programu itasema "hayupo" au itaanguka.